Kadi za istilahi za damu na moyo: uzoefu wangu wa miezi miwili

Nilinunua seti hii ya kadi 60 kwa shilingi 15,000 kwa ajili ya binti yangu wa kidato cha pili, ambaye shule ya msingi alisoma sayansi kwa Kiswahili na sasa anaisoma kwa Kiingereza, hivyo hujikuta akilijua jambo lakini akikosa jina lake. Kila kadi ina mchoro upande mmoja, na upande wa pili istilahi kwa lugha zote mbili pamoja na maelezo ya Kiswahili.

Kadi za damu yenyewe zimeandikwa vizuri. Zinaeleza kwamba plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ni takribani asilimia 55 ya damu, kwamba seli nyekundu hubeba oksijeni kwa himoglobini (protini inayozipa rangi nyekundu) na huishi siku 120 hivi, na kwamba chembe sahani husaidia damu kuganda penye jeraha. Kadi ya "mshipa" inatahadharisha hata kuwa watu hulitumia neno hilo kwa neva na kwa ngiri pia. Mama mkwe wangu, alipomsikia mjukuu wake akikariri aina za mishipa, aliuliza ni nani anayeumwa.

Kasoro iliyonikera iko kwenye ateri na vena, aina mbili za mishipa ya damu. Kadi zinasema ateri hubeba "damu safi" na vena "damu chafu", kauli ambayo wengi wetu tuliikariri shuleni, lakini haisimami mwanafunzi anapofika kwenye mapafu, kwa kuwa ateri ya mapafu hupeleka huko damu yenye oksijeni kidogo, ilhali vena za mapafu huirudisha moyoni ikiwa imejaa oksijeni. Ilitosha kutaja uelekeo: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Binti yangu alikosa swali hilo hilo katika jaribio, nami nikazisahihisha kadi zote mbili kwa kalamu. Isitoshe, vena zimechorwa kwa buluu bila kuelezwa kwamba hiyo ni rangi ya mchoro tu, na kwamba damu iliyomo ni nyekundu iliyokoza.

Mchoro wa moyo unaonyesha wazi unene wa ukuta wa ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo upande huo), inayosukuma damu mwili mzima. Karatasi ni imara. Nimezipa nyota tatu kati ya tano, na zikisahihishwa nitamnunulia mdogo wake seti nyingine.