Uzoefu wangu na Indecent Proposal: mume karidhia, kisha kageuka hakimu

Kama unatafuta muvi ya fumanizi, mke kakutwa gesti na mlango unavunjwa, hii siyo. Indecent Proposal ya mwaka 1993 haina fumanizi hata moja, kwa sababu mume anajua kila kitu: nani, lini, na kwa bei gani. Kakubali mwenyewe. Ndiyo maana mimi naiona kali kuliko tamthilia nyingi za michepuko.

Naonya mapema, mwisho wake nitausema. David (Woody Harrelson) ni msanifu majengo, mkewe Diana (Demi Moore) ni dalali wa nyumba, wanapendana tangu wakiwa shule. Wamejifunga na mkopo ili wajenge nyumba ya ndoto zao ufukweni. Uchumi wa Marekani unayumba, kazi zinakata, deni halisubiri. Wanaazima dola 5,000 kwa baba yake David na kwenda Las Vegas kujaribu kamari. Mwanzoni zinazaa, kesho yake zinaungua zote. Hapo anajitokeza bilionea John Gage (Robert Redford) na kuweka ofa: dola milioni moja, usiku mmoja na Diana. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi bilioni mbili.

Wakiwa mbele ya tajiri wanakataa. Usiku usingizi hauji, na hapo kitandani ndipo muvi yenyewe ilipo. Hakuna anayesema "twende". Kila mmoja anamvizia mwenzake aanze, ili kesho na keshokutwa iwe ni yeye aliyeanza. Diana anajipa moyo kwamba ni mwili tu, moyo haumo. David kanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo "ndiyo" yenyewe. Kisha wanampigia rafiki yao mwanasheria atengeneze mkataba, naye kinachomuuma ni kwamba hawakumwita mapema. Anasema angewapatia hata milioni mbili! Nilicheka, halafu nikaona aibu ya kucheka. David anakuja kuzinduka wakati helikopta inaruka na mkewe ndani. Anakimbia, anachelewa.

Nyumbani kwetu Nyakato, hapa Mwanza, tulikuwa mimi, mke wangu, shemeji yangu na jirani mmoja ambaye kazi yake ni kufuata dagaa visiwani na kuja kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba. Ofa ilipotajwa tu, shemeji akaruka: "Shemeji, usiku mmoja tu, asubuhi mnaanza kujenga hoteli Capri Point!" Mke wangu hakumwangalia hata usoni. "Na hiyo hoteli atalala na nani?"

Jirani ndiye aliyenifanya niitazame upya. Alisema, "Huyo katumiwa helikopta. Kule kisiwani hata nauli ya boti ya kurudia unajilipia." Tukakaa kimya, maana wote tunaoishi pembeni ya ziwa hili tunajua alichokuwa anaongelea. Samaki wakiadimika, mwenye mtumbwi anachagua nani amuuzie, na mama mwenye mtaji mdogo anaambiwa bei ambayo haimo kwenye mzani: mwili wake. Upande wa Kenya wanaita jaboya. Huku wengi hatuiiti chochote. Hakuna mwanasheria, hakuna mkataba, na hiyo milioni ni ndoo za dagaa. Akaendelea: "Mume akiona umerudi umejaza msimu ambao wenzako wamerudi na ndoo tupu, hakuulizi. Anakula. Anakuja kukuuliza siku mkigombana."

David ndivyo alivyo. Wanarudi kwao na milioni yao, wanaahidiana kutoligusia jambo lile tena, na wanakuta mali yao imeshaondoka, mnunuzi ni Gage yuleyule. Badala ya hasira kumwendea Gage, zinaangukia kwa mke. Anapekua vitu vyake. Anamhoji kila akitoka, kila akirudi, ilikuwaje, ulifurahia? Woody Harrelson hapa simsifii sana, analia kama anayesubiri kamera imsogelee, lakini yale macho ya mtu anayetafuta ushahidi wa jambo alilolisaini mwenyewe nimeyakubali. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mume au mke kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Ila ikithibitika kwamba mdai mwenyewe aliridhia, kesi inatupwa. Kwa hiyo hata angemburuza Gage mahakamani hapa Mwanza, David asingetoka na senti. Nyumbani ndiko alikoweza kufungua kesi, akawa mlalamikaji, shahidi na hakimu. Ndoa inavunjika, Diana anaishia mikononi mwa Gage, na watazamaji wa haraka watasema "si unaona, alikuwa anamtaka." Mimi naona kafukuzwa kwa maswali.

Sasa kasoro. Mwongozaji Adrian Lyne, ambaye michepuko ni fani yake (Fatal Attraction ya 1987 ni yake, Unfaithful ya 2002 pia), kajirahisishia kazi kwa kumweka Redford. Mwanaume mtanashati, mpole, ana boti ya kifahari, anasikiliza. Kuuza utu kwa mtu kama huyo kunaonekana kama bahati nasibu. Angeweka mzee wa kitambi anayekoroma, ningejua kweli hawa wawili wamefika wapi kwa ajili ya nyumba. Tena David ana rafiki wa kumlilia. Diana sikumwona na shoga wala dada wa kumweka chini wakaongea. Wanaume wawili ndio wanaotupiana mpira, yeye anahamahama katikati.

Na mwisho ni laini mno. Katika mnada wa hisani David anatoa milioni yote kumlipia kiboko wa bustani ya wanyama. Kiboko! Huku kwetu kiboko anapindua mtumbwi na kufyeka mpunga wa watu, halafu kuna mtu anamlipia bilioni mbili. Tulicheka hadi jirani akajifuta machozi. Baada ya hapo Gage anajifanya Diana ni mmoja tu kati ya wanawake wengi aliowahi kuwanunua, ili Diana aondoke bila kumwonea huruma, na ile sarafu yake ya bahati tunaiona ina kichwa pande zote mbili. Diana anarudi kwa David, muvi inaisha. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha wa maana. Mimi nilitaka kumsikia David akisema kwa mdomo wake, "Nilikuuza." Hasemi.

Siyo mimi peke yangu mwenye manung'uniko: muvi hii ilipewa tuzo ya Razzie ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka ule, na bado ikaingiza zaidi ya dola milioni 260 duniani. Naamini yote mawili yalistahili.

Kuhusu nakala: pale tulipojaziwa kwenye flashi walitupa kwanza ile iliyotafsiriwa, ya jamaa anayeongea juu ya muvi. Kwa muvi za ngumi sina tatizo nao, wanachangamsha. Hapa ni hasara. Kitandani, pale ambapo kimya ndicho kinachoongea, jamaa anatupia utani, na wimbo wa Sade, No Ordinary Love, ukafunikwa na porojo. Ombeni ya Kiingereza yenye maandishi chini, hata kama Kiingereza chenu ni cha kuungaunga, sura zinajieleza.

Naipa saba kwa kumi, na sita kati ya hizo ni za saa ya kwanza. Ina matukio ya chumbani, watoto walale kwanza. Na kama una mama mkwe mgeni nyumbani, subiri hadi umsindikize Nyegezi stendi na basi liondoke.