Nililipia breki za pande mbili, nikafungiwa upande mmoja: uzoefu wangu na gereji moja ya Mwanga, Kigoma

Nina Probox. Inabeba dagaa na migebuka kutoka mwalo wa Kibirizi kwenda Manyovu, na mara nyingi naiendesha mwenyewe. Anayeijua barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu anaijua ile milima. Ukiwa na mzigo unaomba injini isichoke, ukirudi unaomba breki zishike.

Mwezi uliopita breki za mbele zilianza kupiga mluzi kila nikikanyaga. Ni kile kibati kidogo kinachokwaruza diski pedi ikikaribia kuisha. Nikalipeleka gari kwenye gereji moja hapa Mwanga ambayo nilikuwa nimebadilishia oili ya injini mara kadhaa bila tatizo. Nikaliacha asubuhi, jioni nikalifuata. Nililipa shilingi 110,000: pedi seti moja 60,000, oili ya breki 15,000, ufundi 35,000. Nikapewa karatasi ya mkono na boksi tupu la pedi, eti nione kwamba ni mpya. Nilipouliza za zamani ziko wapi, kijana akasema zimeshatupwa.

Kesho yake nikashuka mteremko wa Mwanga kuelekea stesheni, gari likiwa tupu, namshukuru Mungu. Bajaji ikaingia mbele yangu. Nikakanyaga breki, pedali ikazama nusu ya safari yake ndipo ikashika, na iliposhika gari likavutwa kushoto kama mtu ameukamata usukani. Nilisimama hatua chache kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani. Mikono ilinitetemeka mpaka nikapaki chini ya miembe nikakaa.

Nikarudi gereji. Fundi hakuinua hata jeki. "Dada, pedi mpya hizo, zitazoea tu." Ni kweli pedi mpya huhitaji kilomita kadhaa kukaa sawa na diski. Lakini kuzoea huko hakulivuti gari upande mmoja, wala hakuzamishi pedali. Gari huvutwa kule ambako breki inashika zaidi, na pedali laini maana yake kwa kawaida ni upepo kwenye mabomba ya oili ya breki. Hayo niliyajua kwa sababu marehemu baba alikuwa dereva wa lori.

Nikaenda kwa fundi mwingine, Ujiji. Huyu mzee alifanya jambo ambalo ndilo lililoniokoa: baada ya kutoa matairi, kabla hajagusa spana, aliniambia, "Mwanangu, piga picha kwanza." Upande wa kushoto bolti za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, zilikuwa zinang'aa, alama za spana mbichi. Upande wa kulia zilifunikwa na udongo mwekundu uliokauka, haujaguswa hata kwa kucha. Alipofungua, kushoto pedi mbili mpya. Kulia mbili kuukuu, zimebaki nyembamba karibu chuma kiguse diski, na pini za kalipa zimekauka zimeshika kutu. Nadhani walishindwa kuzifungua wakaamua kunyamaza. Upepo nao ulitoka mwingi, mzee akikamua na mimi nikikanyaga. Nikamwomba aandike aliyoyaona, tarehe na saini.

Mwenye gereji alianza kwa ukali: "Mama, huyo fundi wako ndiye kazibadilisha." Sikupandisha sauti. Nikamwonyesha picha ya zile bolti zenye udongo. Nikaweka boksi mezani pamoja na karatasi yake mwenyewe iliyoandikwa "pedi za mbele seti 1". Seti ni vipande vinne, viwili kila gurudumu. Kwenye gari langu vimekutwa viwili. Nikamuuliza vingine viko wapi. Akamtazama fundi wake, fundi akatazama chini. Nilipomwambia nitalipeleka gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi na karatasi zote hizi, akaniomba tukae.

Alinirudishia 75,000, yaani pedi na oili. Za ufundi alikataa, akasema kijana alifanya kazi. Nilibishana karibu saa nzima kwa hiyo 35,000, maana kufunga breki upande mmoja na kuacha upepo ndani ni hatari na si kazi, lakini mzigo ulikuwa unaningoja Kibirizi na dagaa hawasubiri kesi. Sikupewa pole hata na mmoja wao. Hilo limeniuma kuliko hela.

Kwa kubadilisha oili ya injini, wako vizuri na wana haraka. Breki zangu hawatazigusa tena. Sasa zinafungwa Ujiji, pedi nanunua mwenyewe dukani kwa risiti ya mashine, nakaa kwenye benchi mpaka gurudumu la mwisho lirudishwe, na za zamani naondoka nazo kwenye mfuko.

Zile pedi mbili zilizobaki kwenye seti yangu, mpaka leo sijaambiwa zilikwenda kwenye gari gani.