Programu za rezidensi Marekani: pima ratiba kabla ya mshahara

Wengi wanaolinganisha programu za rezidensi Marekani (mafunzo ya ubingwa hospitalini, kwa mshahara, baada ya shahada ya udaktari) huanza na jedwali la mishahara, na hapo ndipo wanapopotea. Ndani ya hospitali moja, daktari wa mwaka wa kwanza wa tiba ya ndani na mwenzake wa upasuaji kwa kawaida hulipwa sawa, maana ngazi hufuata mwaka wa mafunzo, si fani. Cha kupima ni saa utakazotoa kwa mshahara huo. Chukua dola 65,000 kwa wiki 48 za kazi. Kwa saa 60 kwa wiki unapata dola 22 na nusu hivi kwa saa. Kwa saa 80, karibu 17. Programu inayotoa dola 72,000 kwa saa 80 inakulipa chini ya 19.

Ukiambiwa "sisi tunafuata kanuni ya saa 80", hujaambiwa kitu. Programu zote zenye ithibati ya ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo haya, zinafungwa na kanuni hiyo ya kutozidi saa 80 za kazi kwa wiki tangu 2003, na hizo 80 ni wastani wa wiki nne: wiki za saa 92, 90, 88 na 50 zinapita bila kosa. Siku moja ya mapumziko katika kila saba nayo ni wastani, kwa hiyo siku 12 mfululizo zinawezekana. Zamu moja huishia saa 24, na hadi saa 4 za ziada za kukabidhi wagonjwa au kusoma, bila kupokea mgonjwa mpya. Baada ya zamu ya namna hiyo lazima upumzike saa 14. Omba ratiba halisi ya mwaka mzima ya daktari wa mwaka wa kwanza, kisha hesabu miezi ya wodi ya wagonjwa mahututi (ICU), wiki za usiku na wikendi zilizo huru Jumamosi na Jumapili zote mbili.

Kwa tiba ya ndani, mpangilio wa 4+1 ndio bora: wiki nne wodini, moja kliniki. Pasipo mpangilio huo, daktari hutoka wodini adhuhuri kwenda kliniki huku simu za wodi zikimfuata, na pande zote mbili zinapata nusu ya akili yake. Timu maalumu ya usiku nayo hulinda usingizi kuliko zamu za saa 24, ila makabidhiano huongezeka, na asubuhi unapokea mgonjwa ambaye hukumlaza wewe. Uliza makabidhiano hufanyika vipi: kwa karatasi, kwa mdomo, au mbele ya daktari bingwa.

Halafu uliza ndani ya saa hizo mnafanya nini. Kwa tiba ya ndani, daktari wa mwaka wa kwanza hapaswi kuhudumia zaidi ya wagonjwa 10 kwa wakati mmoja. Lakini nani huchukua damu saa tisa usiku? Nani husukuma kitanda kwenda chumba cha picha za CT? Hospitali isiyo na wahudumu wa usiku huwatwisha rezidenti kazi hizo, na saa zinakwisha bila mtu kujifunza udaktari. Hata hivyo, usikimbilie programu nyepesi kwa sababu tu ni nyepesi. Upasuaji wa jumla unadai operesheni kubwa zisizopungua 850 hadi mwisho wa miaka mitano. Ratiba laini isiyo na wagonjwa wa kutosha itakudai baadaye.

Maswali haya waulize madaktari wa mwaka wa pili, viongozi wasipokuwapo. La muhimu kuliko yote: je, watu huandika saa zao kwa ukweli? Kumalizia mafaili ya wagonjwa ukiwa nyumbani ni sehemu ya saa 80. Mahali ambapo anayeandika saa 84 huulizwa kwa nini ana kasi ndogo, takwimu zote za programu hiyo hazifai.

Katika marupurupu, bima ya kukukinga ukishtakiwa kwa kosa la kitabibu isikusumbue. Ni sharti kila mahali. Tazama bima ya afya inaanza siku gani, kwani mafunzo elekezi ya kuanza kazi yanaweza kuwa Juni na bima ikaanza Julai. Tangu 2022 kila programu inapaswa kutoa, angalau mara moja, wiki sita za likizo ya uzazi, ugonjwa au kuuguza kwa mshahara kamili. Uliza nani hushika zamu zako ukiwa nje, na kama utazilipa ukirudi. Kwa anayetoka nje ya Marekani, aina ya viza ina thamani kuliko posho ya chakula: J-1 kwa kawaida hudai urudi kwenu miaka miwili, na H-1B hudai uwe umefaulu mapema Step 3, hatua ya mwisho ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, na hospitali ikubali kukudhamini.

Masharti ya mkataba unapaswa kupewa ukialikwa kwenye usaili, kwa hiyo yadai kama hayajaja. Orodha yako ya Match, mfumo wa kitaifa unaowapangia madaktari programu, ipange kwa unavyopenda wewe, si kwa kubashiri nani atakutaka, na programu usiyoweza kuishi nayo usiiandike kabisa: ukipangiwa, umefungwa nayo.