Kikompyuta kisicho na feni, spika zinazovuma, na kijana wa dukani

Nianze na kijana wa dukani, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike. Nimerudi na mzigo wangu mkononi, nimemweleza kwa utaratibu kwamba spika zinavuma. Hata macho hakuyainua kwenye simu: "Mzee, hayo ni masikio. Umri ukienda yanavuma yenyewe." Wateja wakaangua kicheko. Na hela zangu alizipokea kwa mikono miwili!

Kitu chenyewe ni kile kikompyuta kidogo kisicho na feni. Nilikitaka kwa sababu joto la Oktoba hapa Tabora likipamba moto, feni ya laptopu inanguruma mpaka inameza gitaa. Na nyimbo zangu ni za kina Tabora Jazz na Kiko Kids, zimehamishwa kutoka kwenye kaseti. Zina mikwaruzo yake ya kutosha, sihitaji ya nyongeza.

Kwa ukimya sina neno. Bandika sikio juu ya bati lake, husikii kitu, unahisi uvuguvugu tu. Nikachomeka USB kwenye kadi ya sauti ya nje, kile kijisanduku kinachogeuza data ya wimbo kuwa sauti, kadi kwenye amplifaya, nikakaa. Mmmmm. Wimbo umesimama, mmmmm ipo. Chomoa USB, kimya. Rudisha, mmmmm. Nikaweka laptopu mahali pake: ikitumia betri, kimya. Ichomeke chaja, yale yale. Sasa masikio gani hayo yanayojua chaja imechomekwa?

Nikamwita fundi redio wa Ng'ambo, mzee kunizidi mimi. Aliusikia mvumo akiwa bado anavua viatu mlangoni. "Mdogo wangu, hiyo ni athi," akasema, yaani ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Amplifaya ina athi yake, adapta ya kompyuta ina yake, halafu waya wa USB unaziunganisha; umeme wa hertzi 50 unapata njia ya kuzunguka, na ndio unaosikika. Akaniambia nitumie waya wa optiko, kwa kuwa ndani yake unapita mwanga, si umeme. Matundu yake yapo kwenye kompyuta na kwenye kadi. Tabora nzima niliuzungukia nikaukosa, ukaja kwa basi kutoka Kariakoo. Nikauchomeka, USB nikaitupa pembeni. Kimya! Besi nikaisikia inatembea, kitu ambacho kwenye laptopu sikuwahi kukipata.

Basi nunueni, jamani. Ila umeme ukikatika kinazimika papo hapo, hakina betri, na kwa mkato wa umeme wa huku kwetu hiyo ni kero. Wenye laptopu tulivu bakini nayo. Hapana, nimesema vibaya: kinunueni, lakini si kwa yule kijana. Tatizo hapa mjini duka lenye vitu hivi ni lao tu, na nahitaji diski kubwa zaidi. Nitakwenda, nitahudumiwa na yule dada wa keshia.