Darubini ya 8x42, mezani pa pimbi

Anayeingia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kumtafuta simba anaweza kutumia macho yake tu. Pimbi ndiye anayeumbua darubini mbovu. Akiwa juu ya jabali bonde la Mbagathi, mita 20 kutoka kwako, darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42) humsogeza kama yuko mita mbili na nusu. Hapo utaona vidole vinne vya mguu wa mbele vyenye kucha mfano wa kwato, vitatu vya nyuma, na ukucha mmoja uliopinda wa kuchania manyoya. Akipiga mwayo, yanatokeza meno mawili ya juu yaliyochongoka kama vipembe. Naam, huyu anayefanana na sungura aliyekatwa masikio ni jamaa ya tembo na nguva.

Kwa nini si 10x42? Gawanya 42 kwa 8: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5.25. Kwa 10x ni 4.2 tu. Na pimbi huota jua asubuhi mapema, mwanga ukiwa bado hafifu, maana mwili wake hautunzi joto vizuri. Tena 10x hukuza hata mtetemo wa mkono. Ukiwa ndani ya gari, zima injini, uiegemeze darubini juu ya mfuko wa kilo moja ya maharagwe dirishani.

Wengi hulalamika kwamba picha ina ukungu, kumbe hawakuiseti. Funika lenzi ya kulia, lenga kitu kilichotulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funika ya kushoto, na sasa zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Mwenye miwani akunje mpira wa kuwekea jicho, la sivyo ataona kiduara kama anayechungulia bomba.

Uzito ni gramu 700 hivi. Mkanda mwembamba utakata shingo.

Zile za vioo vyekundu zenye maandishi 30x60, zinazochuuzwa barabarani, achana nazo. Wekundu ule hurudisha nje mwanga mwekundu, kila kitu kikawa kijanikijani. Mara nyingi pia mirija yake haijalingana: unaona pimbi wawili, na kichwa kinakuuma. Kabla ya kulipa, lenga mlingoti wa taa wa mbali ukiwa mlangoni mwa duka. Ukiuona miwili, rudisha.

Pimbi ana kikunjo ndani ya jicho kinachomkinga, hivyo hulikodolea jua akimsaka tai mweusi anayemwinda. Wewe huna: usiielekeze darubini juani hata sekunde moja.