Biskuti za dirishani, Langoni: za embe chukua, za papai ziache

Mimi ni mpishi wa mashua hapa Lamu. Nawalisha wageni wanaokwenda kisiwa cha Manda Toto kutazama samaki chini ya maji, na kwa miaka mingi kazi hiyo haikuwa na mtihani: wali wa nazi, samaki wa kuchoma, kachumbari, embe la kukata, chai. Kisha wakaanza kuja hawa wasiokula chochote kilichotoka kwa mnyama. Vegani, wanajiita. Wali wa nazi wanakula, maharagwe ya nazi wanakula, mpaka hapo hatugombani. Balaa ni saa kumi jioni tunaporudi, kaskazi inatusukuma kwa nyuma, kila mtu ana chumvi mdomoni na anataka kitu kitamu cha kusindikiza chai.

Msimu uliopita nilinunua biskuti za pakiti kwenye duka moja hapa mjini. Muuzaji aliniapia hazina maziwa. Mgeni wangu, binti mpole sana, akaigeuza pakiti, akasoma yale maandishi madogo kama sisimizi, akaniwekea kidole palipoandikwa maziwa ya unga. Hakusema neno. Alikunywa chai tupu mpaka tukatia nanga. Aibu ile niliibeba wiki nzima.

Ndivyo nilivyofika dirishani kwa Bibi, muuza biskuti. Duka lenyewe halina jina wala kibao. Kutoka Mkunguni, mbele ya Ngome, unashika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, kuelekea mtaa wa Langoni, kisha unaingia vichochoroni na kufuata pua. Ikikupoteza, waulize watoto. Utakuta dirisha la mbao, trei mbili, na mwanamke wa makamo asiyegawa tabasamu ovyo.

Anauza aina nne, zote laini, zote bila yai, bila maziwa, bila siagi: embe na ndimu, nanasi na chenza, pasheni na chungwa, papai na limau. Moja shilingi 50, dazani 500. Ukubwa wake unajaza kiganja, si zile za kumeza mbilimbili.

Za embe na ndimu ndizo zilizonifanya nikae chini kuandika. Ukingo wake umekauka kidogo na kuwa wa kahawia, katikati kunabonyea. Ukiikunja haikatiki papo hapo, inapinda kwanza. Ndimu inakupiga puani kabla hujatafuna, embe linafuata taratibu, na iliki iko nyuma kabisa, kidogo tu, kama mtu aliyepita ukumbini.

Nilimwomba mara tatu anionyeshe anavyopika. Mara ya tatu akanikubalia Jumamosi asubuhi, akanikalisha juu ya mbuzi nimkunie nazi, maana jikoni kwake hakai mtu bure.

Embe analotumia ni ngowe, lile refu lenye mdomo uliopinda, kwa sababu halina nyuzi. Haliingii bichi kwenye unga. Analipondaponda, analiweka motoni na kulikoroga mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia nyuma yake. Maji ya embe yakibaki, anasema, utapika uji. Rojo hilo zito ndilo linaloshika unga pahali pa yai.

Kilichonishangaza ni ndimu. Nilidhani atakamua tu. Kwanza alizikuna ganda, ile kijani peke yake, akizigeuza kila mara ili asifike kwenye nyeupe inayoleta uchungu. Kisha akalimwaga lile ganda juu ya sukari na kulifikicha kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. Baada ya dakika chache sukari ikalowa na kugeuka rangi, chumba kizima kikanuka ndimu. Mafuta yote ya ganda yalikuwa yamehamia kwenye sukari. Maji ya ndimu yalikuja mwisho, kijiko kimoja, kukutana na magadi ili unga upumue.

Nusu ya sukari ni sukari guru. Hiyo inashika unyevu, ndiyo maana biskuti hazigeuki vigae kesho yake. Na mafuta ni ya nazi. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lamu mwezi wa Januari hata usiku ni nadra joto kushuka hivyo, kwa hiyo jikoni kwake yanakaa maji karibu saa zote. Ukiupeleka unga wake motoni hivyohivyo unatambaa kwenye trei na kuwa chapati. Anaulaza kwenye friji saa nzima kwanza. Oveni yake ni ya gesi. Stima ikikatika kinachomsumbua ni friji.

Anazitoa baada ya dakika kumi hivi, katikati bado kunaonekana kubichi. Mimi ningezirudisha. Nikanyoosha mkono nichukue moja, nikapigwa kofi la vidole: “Ngoya zipoe kwanda, zitavundika!” Kweli, zilipopoa juu ya trei zikajishika zenyewe.

Hizo nyingine nitazipitia haraka. Pasheni na chungwa ni nzuri, mbegu zinapasuka menoni, ila si kila mtu anapenda. Nanasi na chenza ni tamu kupita kiasi na chini zinalowa. Nadhani nanasi lake halikai motoni muda wa kutosha, na nimemwambia. Papai na limau usijisumbue. Papai likipita kwenye oveni linabaki rangi tu, unatafuna limau na unga. Amejaribu pia nankhatai kwa mafuta ya nazi. Nankhatai bila samli mimi siiti nankhatai, na hapo hatukuelewana.

Papai hizohizo nusura ziniumbue tena. Niliona chupa ya asali karibu na trei, nikamuuliza kama anaitia. Akasema ndiyo, kidogo, kwa ajili ya rangi. Nikamwambia hawa wageni asali hawali. Akaniangalia. “Kwani nyuki naye ana maziwa?” Tukacheka, lakini wiki iliyofuata aliiondoa, akaweka sukari guru tupu. Yule muuzaji wa biskuti za pakiti naye ningependa anisikilize hivyo.

Lawama yangu kubwa ni mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 anafungia kwenye karatasi ya kaki, na karatasi inakunywa mafuta ya nazi. Kikoi changu kipya kina doa la duara mpaka leo. Tena akiwa na haraka anafunga zingali na joto, mvuke unazigandisha zote kuwa biskuti moja kubwa. Nenda na kopo lako la bati, na umwambie unangoja zipoe. Atanung'unika, ngoja tu.

Watu wa hapa wananiuliza kwa nini nitoe shilingi 50 kwa biskuti isiyo na siagi. Nawajibu kuwa mahamri ya tui hayana yai wala maziwa, vibibi havina, kashata haina, na hakuna aliyewahi kumdai nyanya yake siagi. Nahodha wangu ndiye alikuwa mbishi zaidi. Safari ya juzi wageni walikuwa sita, wawili tu vegani, nami nilibeba dazani moja ya embe nikijua zitabaki. Tulipokaribia gati nikafungua kopo nimpe mmoja wa wale vegani biskuti ya pili. Lilikuwa tupu, na nahodha alikuwa anatazama tanga kwa makini ambayo sijawahi kumwona nayo.

Ukitaka za safari ya asubuhi, agiza siku moja kabla, kabla ya alasiri. Ijumaa hafungui mpaka baada ya swala. Na isipokuwa umekuta msimu wa ngowe umekwisha, usikubali akupe nanasi badala yake.