Ngome ya Himeji kwa Matofali ya LEGO

Miongoni mwa seti za LEGO (vitofali vya plastiki vya kuunganisha) zenye sura ya Asia zilizomo kabatini mwangu, Ngome ya Himeji ya LEGO Architecture, mfululizo wa mifano ya majengo maarufu, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na vipande 2,125, ndiyo niliyoipa nafasi ya mbele. Kuta zake nyeupe, zinazopanda juu ya msingi wa kijivu huku mapaa yakipangana tabaka kwa tabaka, zimelifuata kwa uaminifu jengo halisi la Japani, ambalo UNESCO ililitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1993. Kuyaunganisha mapaa hayo ni kazi ya kujirudiarudia, na asiye na subira (naam, hata mtu mzima) atachoka kabla ya kuifikia miti ya cheri yenye maua ya waridi, ambayo kwangu ndiyo inayoipa ngome uhai.